Mgeni Mlangoni: Jinsi ya Kusoma na Kuandika Mshtuko wa Mhusika

Utangulizi

Mojawapo ya matukio yanayojirudia sana katika hadithi fupi, riwaya na hata insha za wanafunzi wetu ni lile la mhusika kukutana ghafla na mtu asiyemfahamu. Mgeni hutokea njiani, mlangoni au garini. Mhusika hushtuka. Mwili hutenda jambo kabla ya akili kupata nafasi ya kuamua: hurudi nyuma, hubana mkoba, hupaza sauti au huganda kama gogo. Aghalabu tukio lenyewe huchukua mistari michache tu, nao wasomaji wengi huipita upesi wakitaka kujua kitakachofuata.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mistari hiyo michache ina utajiri mwingi. Hoja yetu ni moja: mshtuko humfichua anayeshtuka kuliko unavyomfichua anayeshtua. Mtahiniwa akiishika hoja hii, atajibu vyema maswali ya usawiri wa wahusika katika karatasi ya fasihi (102/3), na atatunga insha yenye uhai katika karatasi ya kwanza (102/1). Mifano yetu tutaichota zaidi Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, kwa sababu huko mgeni ni mtu wa kila siku.

Mgeni katika fasihi simulizi

Tuanze na methali, kwani ndizo hazina ya kwanza ya mtazamo wa jamii. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa mgeni ni baraka. Lakini Waswahili hao hao husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapa mgeni anawekewa mpaka. Tena husema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Methali hii ya tatu ndiyo nzito zaidi kwa mada yetu. Inadokeza kwamba hata zimwi, kama linakujua, litakusaza kidogo; basi usiyejuana naye je?

Kwa hivyo, mwanafunzi asidhani kwamba jamii ina kauli moja tu kuhusu mgeni. Inazo kauli mbili zinazovutana, na ni kutokana na mvutano huo hadithi huzaliwa.

Ngano nazo zinaukuza mvutano huu. Miongoni mwa Waluhya, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Busia, kuna ngano za amanani, yaani mazimwi yanayokula watu. Ngano ya msichana anayewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha akaolewa na mgeni mtanashati ambaye baadaye anagunduliwa kuwa zimwi, inasimuliwa kwa namna mbalimbali katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Ngano hiyo inamfundisha mtoto kuuamini mshtuko wake. Inamwambia: ukihisi baridi mgongoni, usiidharau. Funzo hilo lina maana hadi leo. Mtoto anayekataa kuandamana na mtu asiyemjua katika mji wenye pilkapilka za magari na mizigo anatenda jambo la busara, na hakuna mwalimu atakayemlaumu.

Hata hivyo, ngano humfanyia msikilizaji hisani moja ambayo maisha hayamfanyii: mwishoni humwambia wazi kwamba mgeni alikuwa zimwi. Maisha, na fasihi andishi iliyokomaa, mara nyingi hunyamaza. Mhusika hushtuka, hutenda, kisha huachwa na tendo lake.

Kwa nini Busia na Malaba?

Mandhari si pambo la hadithi. Mandhari humpa mhusika sababu ya kuogopa au kutoogopa. Hebu tuangalie mambo manne ambayo mwandishi wa kisa cha mpakani anaweza kuyatumia.

Kwanza, ni historia ya mpaka wenyewe. Hadi mwaka wa 1902, eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda katika mipango ya Waingereza. Mwaka huo mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande unaoitwa Kenya leo. Wateso na Wasamia wanapatikana pande zote mbili. Basi mtu anayeitwa mgeni kwa sababu ya kitambulisho chake huenda ana ukoo mmoja na anayemwita hivyo. Hapa kuna kinaya ambacho mwandishi hodari hawezi kukiacha.

Pili, kuna bodaboda. Neno hili lililoenea Afrika Mashariki nzima lilizaliwa katika mpaka huu, pale waendeshaji baiskeli walipowavusha abiria na mizigo kati ya vituo vya nchi mbili. Linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Tafakari picha hiyo: abiria amekaa nyuma ya mtu asiyemjua, uso wa dereva hauoni, na uhai wake umo mikononi mwake. Hiyo ni taswira kamili ya imani kwa mgeni, na imekuwa ya kawaida kiasi kwamba hatuioni tena.

Tatu, kuna lugha. Upande wa Kenya, Kiswahili ni lugha ya shule, soko na kanisa. Upande wa Uganda, kwa muda mrefu kilihusishwa na jeshi na polisi, hasa enzi ya utawala wa Idi Amin kati ya 1971 na 1979. Mzee aliyeishi Uganda miaka hiyo akisikia sauti ngeni ya kiume ikisema "Hodi!" usiku, anaweza kusisimkwa na mwili, ilhali jirani yake wa Busia ya Kenya akainuka tu kufungua mlango. Neno ni lile lile. Mishtuko ni tofauti, kwa kuwa masikio yamebeba historia tofauti. Mabadiliko yapo: mnamo Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Hata hivyo, kumbukumbu ya mwili haifutwi kwa uamuzi wa baraza.

Nne, na hili ndilo tutakalolitumia katika dondoo letu, kuna madereva wa malori. Barabara kuu itokayo Mombasa hupitia Malaba kuelekea Kampala na kwingineko. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuenea kando ya barabara hiyo, dereva wa masafa marefu alitazamwa na wengi kama mleta maradhi. Kisha ukaja mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, na kafyu ya usiku ikaanza tarehe 27 mwezi huo. Uganda ilipoanza kuwapima madereva mpakani, malori yalikwama. Kufikia Mei 2020 foleni ilikuwa ya makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Mwezi huo huo Uganda iliamua kutowahesabu madereva wa kigeni katika idadi ya wagonjwa wake. Hata katika tarakimu, mgeni alisimama nje ya ua.

Wakazi wa kando ya barabara waliogopa, na hawakuwa wapumbavu kuogopa. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Madereva nao waliteseka: walilala garini siku nyingi wakihitaji maji, chakula na msalani. Hapa kila upande una haki fulani. Penye haki mbili zinazogongana, pana hadithi.

Dondoo la mfano

Dondoo lifuatalo tumelitunga kwa ajili ya makala haya. Lisome mara mbili kabla ya kuendelea.

*Giza lilikuwa limetanda Nafula alipomaliza kuosha sufuria. Barabarani malori yalikuwa yamesimama tangu juzi, moja nyuma ya jingine, hadi macho yanapoishia. Ghafla akasikia changarawe ikilia. Mwanamume alikuwa amesimama ndani ya ua, barakoa imemfunika pua na mdomo, mkononi ameshika mtungi mtupu. Kabla hajatamka neno, Nafula alikwisha kurudi nyuma hatua mbili. Mkono wa kushoto ulikuwa umemsukuma mwanawe nyuma ya kanga. Wa kulia ulishika mwiko kama rungu.*

*"Hodi, mama."*

*Nafula hakujibu. Alitambua kwamba alikuwa amebana pumzi.*

*"Naomba maji, mama yangu. Ya kunywa tu."*

*"Simama hapo hapo!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Weka mtungi chini, urudi barabarani."*

*Mwanamume aliuweka mtungi chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akarudi kinyumenyume, mikono yote ikionekana, akachutama kando ya gurudumu. Hapo ndipo Nafula alipoyaona malapa. Yalikuwa yamepangwa vizuri penye mwanya wa ua, pale yanapoachwa na mtu aliyefunzwa kwao namna ya kuingia nyumba ya watu. Alikuwa ameingia pekupeku.*

*Aliujaza mtungi. Akausukuma kwa mguu hadi penye malapa, akarudi ndani, akatia komeo. Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Kisha akakaa kitako gizani, akisikiliza, asijue tena alichokuwa akijiosha.*

Hatua tatu za mshtuko

Tunapendekeza mwanafunzi alisome tukio la aina hii kwa kutenga hatua tatu: mwili, fikira na tendo.

*Mwili.* Hii ni hatua isiyo na uamuzi. Nafula anarudi nyuma, anamficha mtoto, anashika mwiko. Tazama jinsi sarufi inavyosaidia: "Kabla hajatamka neno, Nafula alikwisha kurudi nyuma." Kitendo kimekamilika kabla ya mazungumzo kuanza. Tazama pia kwamba katika sentensi inayofuata kiima si Nafula, ni mikono: "Mkono wa kushoto ulikuwa umemsukuma mwanawe." Mikono inatenda, mwenyewe anakuja nyuma. Hapo mwandishi ametuonyesha silika bila kutumia neno "silika". Lakini mwili huo huo unatueleza jambo kuhusu Nafula. Kabla ya kushika silaha, ametaja mwandishi, amemkinga mtoto. Basi woga wake ni woga wa mzazi.

*Fikira.* Hatua hii huanza mhusika anapojitambua: "Alitambua kwamba alikuwa amebana pumzi." Baadaye sauti inamtoka "kali kuliko alivyotaka." Maneno haya mawili, "alivyotaka" na "alitambua", yanaonyesha kwamba pana Nafula wawili: anayetenda na anayejitazama akitenda. Msimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini ameketi karibu sana na Nafula; ya moyoni mwa mgeni hatuyajui kabisa. Tunayaona malapa tu. Mtahiniwa azingatie jambo hili, kwa sababu swali la nafsi ya usimulizi huulizwa mara nyingi na hujibiwa kwa juujuu.

*Tendo.* Hapa ndipo tabia ya mhusika hupimwa. Hakuna awezaye kumhukumu mtu kwa kushtuka. Jasho haliombi ruhusa. Anaweza kuulizwa alichofanya baada ya kushtuka. Nafula anatoa maji, ila anausukuma mtungi kwa mguu. Katika tendo hilo moja huruma na woga vimeshikana, na wala kimoja hakijakishinda kingine. Mwandishi dhaifu angemfanya Nafula amkaribishe mgeni ndani kwa machozi, au amfukuze kwa mawe. Dondoo hili linakataa njia zote mbili.

Malapa nayo yanastahili kutajwa. Ni ishara ya adabu, na yanageuza maana ya kila kilichotangulia. Mtu tuliyedhani amevamia ua aliingia kwa heshima. Lakini angalia: malapa hayathibitishi kwamba mgeni hana ugonjwa. Yanathibitisha tu kwamba ana kwao. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, kubwa kwa maana. Komeo na kunawa mikono vinaweza kusomwa kama jazanda. Sabuni inaondoa viini. Je, inaondoa na hisia ya kumtendea mtu kama najisi? Dondoo linauliza na kunyamaza.

Kulinganisha na vitabu vilivyotahiniwa

Hatua hizi tatu zinaweza kujaribiwa katika hadithi ambazo walimu wengi wanazikumbuka vyema.

Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyo katika mkusanyiko uliotahiniwa hadi mwaka wa 2022, jitu geni linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago katika mtaa wa Madongoporomoka na kula chakula chote. Wenyeji wanaduwaa. Baadaye, mabuldoza yanapofika kubomoa mtaa, inabainika kwamba hofu ilikuwa na msingi: mgeni yule alikuwa ishara ya ulafi utakaoimeza ardhi ya wanyonge. Hapa mshtuko ulisema kweli.

Katika "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, iliyo katika mkusanyiko uliotahiniwa hadi mwaka wa 2017, mambo yamepinduliwa. Fikirini, kijana Mwafrika anayesoma Marekani, amechoshwa na ubaguzi. Anapokutana na mwanamke mweusi, anavutwa na dhana kwamba damu yao ni moja, kisha anaishia kuporwa. Hapa silika haikuwa ya woga. Ilikuwa ya imani, na ndiyo iliyomponza.

Tukiziweka pamoja hadithi hizo mbili na dondoo letu, tunapata funzo la uhakiki: silika si ya kuaminiwa daima wala ya kupuuzwa daima. Kazi ya mhakiki ni kuuliza ushahidi gani mwandishi ametoa, ametoa lini, na nani aliuona. Mzee Mago alikuwa na ushahidi mezani pake. Fikirini alikuwa na rangi ya ngozi tu. Nafula alikuwa na barakoa, giza na habari za redio, kisha akapata malapa.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

(i) *Kutaja mbinu bila kuifafanua.* Kuandika "kuna taharuki" hakutoshi. Eleza taharuki inajengwaje: sauti ya changarawe inatangulia mtu, nasi tunamsikia mgeni kabla ya kumwona.

(ii) *Kumfunga mhusika kwa sifa moja.* "Nafula ni mwoga" ni jibu pungufu. Nafula ni mwenye hadhari, mlezi, mwenye utu, tena mwenye kujisaili. Kila sifa iambatane na tendo au kauli kutoka katika dondoo.

(iii) *Kumlimbikizia mgeni sura ya kutisha.* Katika insha, wageni wengi wana macho mekundu kama damu, makovu usoni na nywele za timtim. Maelezo hayo yamechakaa. Aidha, yanampunguzia mhusika mzigo, kwa kuwa mtu wa sura hiyo angemtisha yeyote. Mpe mgeni sura ya kawaida, uone kama mhusika wako bado atashtuka. Akishtuka, utalazimika kueleza kwa nini, na hapo insha itapata kina.

(iv) *Kuharakisha mshtuko.* "Nilishtuka sana nikakimbia" ni muhtasari. Tulia. Eleza kiungo gani kilitangulia: goti, koo au kiganja.

(v) *Kufunga kwa mahubiri.* Ukishaonyesha mtungi ukisukumwa kwa mguu, usiongeze kwamba tunafaa kupendana. Msomaji ameshaelewa.

Neno kwa mwalimu

Somo hili lina hatari yake, hasa katika shule za mpakani. Darasani huenda mna mtoto wa dereva aliyekwama foleni mwaka wa 2020, na mtoto wa mama aliyetia komeo. Huenda mna mwanafunzi anayevuka kutoka Uganda kila asubuhi. Ukiliendesha somo kama kesi ya kumtafuta mwenye makosa, utamuumiza mmoja wao. Liendeshe kama uchunguzi. Waombe wanafunzi waandike dondoo letu upya kwa mtazamo wa mwanamume aliyechutama kando ya gurudumu: aliona nini? Mwiko? Mtoto? Alikuwa amebana pumzi yeye pia? Watagundua wenyewe kwamba usiku ule palikuwa na wageni wawili, kila mmoja akimtisha mwenzake.

Jambo la pili ni usalama. Usimfundishe mtoto kwamba kumwogopa asiyemjua ni dhambi. Mfundishe kutofautisha kujikinga na kudhuru. Kurudi nyuma hatua mbili ni kujikinga. Kupiga yowe la "Mwizi!" kwa sababu tu mtu hajulikani kijijini ni jambo jingine kabisa. Katika nchi yetu yowe hilo limewahi kumaliza maisha ya watu wasio na hatia kabla hata hawajaulizwa jina. Fasihi haiwezi kuuzuia mwili usishtuke. Inaweza kumzoeza msomaji kukaa kidogo kati ya mshtuko na tendo, na nafasi hiyo ndogo huenda ikawa uhai wa mtu.

Mazoezi

1. Rejelea dondoo la mfano kisha ujibu maswali yafuatayo.
(a) Tambua na ufafanue mbinu tatu za lugha zilizotumiwa. (alama 6)
(b) Eleza sifa nne za Nafula kwa kurejelea dondoo. (alama 8)
(c) Fafanua umuhimu wa mandhari katika kujenga taharuki. (alama 4)
(d) Bainisha toni ya aya ya mwisho. (alama 2)

2. "Mshtuko wa mhusika ni historia yake." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea hadithi mbili fupi ulizosoma. (alama 20)

3. Tunga insha itakayomalizikia kwa maneno haya: … *hapo ndipo nilipotambua kwamba mkono wangu ulikuwa bado umeshika komeo.* (alama 20)

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba tukio la kukutana na mgeni lina hatua za mwili, fikira na tendo, na kwamba kila hatua inamfichua mwenyeji. Mtahiniwa anapolikuta tukio kama hilo katika mtihani, asikimbilie kuuliza mgeni ni nani. Aulize kwanza aliyeshtuka alitoka wapi, anamlinda nani, na mkono wake ulishika nini. Majibu ya maswali hayo yatamfikisha mbali kuliko orodha yoyote ya mbinu iliyokaririwa.